Sentensi ya Kweli

Kidawa binti Mfaume alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili alipopewa darasa la kina mama. Hakuwa mwalimu wa kusomea. Alimaliza darasa la saba Kilindoni, mji mkubwa wa kisiwa chao, akarudi kwao Mnyangani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kanga, na kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine kijijini aliyefika darasa hilo, mwenyekiti alimwambia, "Wewe utawafundisha mama zako." Akapewa ubao, boksi la chaki, vitabu kumi na vinne na redio moja ya betri yenye kava la ngozi, ya kusikilizia vipindi vya elimu ya watu wazima. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 1974.

Walisomea kwenye banda la makuti ubavuni mwa duka la ushirika, siku tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri. Kina mama walikuja na ukindu wao, wakasuka mikeka huku wakisinzia. Redio ilizungumza, wao wakatikisa vichwa, na ilipozimwa hakuna aliyekumbuka ilisema nini. Vitabu navyo vilihusu kilimo cha pamba. Siku ya kwanza Bi Mwamvita, mke wa mzee Mbaraka, alikinyanyua chake, akaitazama picha, akauliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hii pamba ndiyo ile tunayowawekea maiti?"

Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo kitabu kile kikawa na nuksi. Hakuna aliyekifungua kwa hiari.

Baada ya miezi miwili, kati ya wanafunzi kumi na wanne, ni watatu tu walioweza kuandika majina yao. Kidawa alilia nyumbani. Baba yake, Mfaume, alimkuta amekaa jikoni akichezea kifuu cha nazi, akikizungusha sakafuni kwa kidole.

"Hao mama zako," Mfaume akasema, "uliwahi kuwaona wakisinzia kwenye mchezo?"

Hakuwahi. Wanawake wa Mnyangani walipocheza waligombana, waliapa, walirukiana. Basi Kidawa akamwomba baba yake amkatie vipande vya vifuu kwa msumeno, vipande mia moja, kila kimoja ukubwa wa sarafu kubwa. Akavisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa, kisha akachoma msumari jikoni na kuandika herufi moja moja kwa moto. Akavitia kwenye kapu.

Kanuni zilikuwa nyepesi. Kila mmoja anachota vipande saba bila kutazama. Anayeunda neno na kulisoma sawasawa anabaki na vipande vyake. Anayeshindwa anavirudisha, na anacheza ngoma mbele ya wenzake mpaka waseme basi. Wiki ya kwanza Biasha, mwanamke mnene mwenye haya, alicheza mara tisa. Wiki ya pili alicheza mara mbili. Wiki ya tatu aliunda neno "nazi", akalisoma, akasimama akacheza hivyo hivyo kwa furaha, bila kulazimishwa na mtu.

Ilipofika mwezi wa tano wote walikuwa wanasoma maneno, na mchezo ukaanza kuwachosha. Kidawa akaongeza ngazi. Aliiita Kweli au Uongo. Mwanafunzi anaandika sentensi moja juu ya maisha yake kwenye karatasi, anaisoma kwa sauti, wenzake wanapiga kura: ni kweli au ni uongo? Wakikosea wengi, mwandishi anapata kipande kimoja. Baada ya kura lazima aseme wazi, na Kidawa anaandika kwa penseli nyekundu pembeni mwa karatasi: K kama ni kweli, U kama ni uongo. Wa kwanza kufikisha vipande kumi angepewa kanga.

Ndipo darasa lilipowaka. Biasha aliandika, "Nilikula kasa nikiwa na mimba ya Iddi." Wote wakasema uongo. Kumbe kweli. Mashavu, aliyekuwa jirani yake Kidawa, aliandika, "Mkeka niliompa wifi yangu harusini ulikuwa wa kuazima." Kweli tena, na wifi yake alikuwa amekaa safu ya nyuma; walicheka mpaka wakashika mbavu. Kidawa aligundua jambo moja lililomfurahisha sana kama mwalimu: ili kushinda, ilibidi mtu aandike jambo ambalo hata jirani yake hakulijua. Kwa hiyo kila wiki sentensi zilikuwa ndefu zaidi, na za ndani zaidi. Karatasi zote alizitunza kwenye bati la biskuti, zimepangwa kwa tarehe, ili aone mwandiko unavyonyooka.

Sasa, mwaka ule amri ilikuwa imetoka kwamba kila mtu ahamie kijijini, kandokando ya barabara, watu wakae pamoja na walime pamoja. Watu wengi wa Mnyangani walikuwa na makazi yao ya asili Kipandeni, ndani kabisa, kwenye visima vizuri na mashamba ya mpunga ya babu zao. Walijenga nyumba barabarani kama walivyoagizwa. Lakini zilikuwa nyumba za kuonyesha. Viongozi walipopita, watu walikuwa barazani. Walipoondoka, watu walirudi Kipandeni. Hili kila mtu alilijua kwa ujumla. Ila nani hasa analala wapi, hilo lilikuwa la mtu na mkewe.

Mzee Mbaraka ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Kila asubuhi jua likichomoza alikuwa barazani kwake barabarani, anapiga mswaki, anaitikia shikamoo za wapita njia. Ungeapa kwamba ameamkia hapo.

Mwezi wa sita Bi Mwamvita alikuwa na vipande tisa. Alisimama na karatasi yake, akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno:

"Mume wangu hajalala kijijini hata siku moja."

"Uongo!" Mashavu akasema hapo hapo. "Mimi namwona na mswaki wake kila siku!"

Mikono kumi na moja ilisema uongo. Bi Mwamvita alisubiri, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Kweli. Anatoka Kipandeni kwa miguu kila alfajiri, na mswaki mfukoni."

Banda likalipuka kwa vicheko. Kidawa alichukua karatasi, akaandika K, akamvika kanga mabegani. Bi Mwamvita alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Alisema hajawahi kushinda kitu tangu azaliwe.

Baada ya hapo wengine wakajua siri zenye ushindi ziko wapi. Mwezi ule na uliofuata ziliandikwa sentensi sita nyingine za Kipandeni. Nani amejenga ghala. Nani mpunga wake wa siri ni mwingi kuliko wa shamba la kijiji. K, K, K.

Mratibu wa elimu ya watu wazima alikuwa kijana aitwaye Marijani, mtu wa Kilwa, aliyesoma mwaka mmoja mbele ya Kidawa pale Kilindoni. Alikuja na baiskeli mwezi wa saba kukagua. Alitarajia kukuta watu wanasinzia kama kwingine. Badala yake alisikia kelele kabla hajafika dukani. Alisimama mlangoni muda mrefu, kofia mkononi.

"Hii umeitoa wapi?" akamuuliza Kidawa.

"Kichwani."

"Mwalimu," Marijani akasema, na alikuwa mtu wa kwanza mwenye cheo kumwita hivyo, "hiki ni kitu kikubwa. Unajua hivyo?"

Akaomba naye acheze. Aliandika, akasoma: "Mama yangu alikufa hajui herufi hata moja, na barua yangu ya kwanza alizikwa nayo." Kina mama walipiga kura kwa sauti za chini, wengi wakasema uongo, kwa kuwa hawakutaka iwe kweli. Marijani akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. Biasha alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kidawa mwenyewe aliandika ile K.

Alipokuwa anaondoka Marijani aliomba bati la karatasi.

"Nataka wakubwa wilayani waone mwandiko wa mwezi wa tano na wa sasa. Bila ushahidi hawataamini. Nitakurudishia baada ya wiki mbili."

"Humo mna mambo ya watu, ndugu Marijani."

"Nani ana haja na mambo ya watu? Ni mwandiko tu, mwalimu. Ni kazi yako hii, usiifiche."

Akampa. Kidawa ndiye aliyemfungia bati kwa kamba nyuma ya baiskeli kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki mbili zikapita, na miezi miwili. Mwezi wa kumi, Jumanne asubuhi, mgambo waliingia Kipandeni kwa lori. Kulikuwa na nyumba zaidi ya ishirini kule, lakini hawakwenda zote. Walikwenda saba. Kiongozi wao alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu, na kabla ya kila nyumba alisoma kwa sauti. Bi Mwamvita alikuwa uani anatwanga, na mumewe alikuwa amekwisharudi kutoka barazani. Alimsikia mtu asiyemjua akisoma:

"Nyumba ya Mbaraka Hemedi, ambaye hajalala kijijini hata siku moja."

Mchi ulimponyoka. Yalikuwa maneno yake, vile vile alivyoyapanga, hata neno "hata" alilolifikiria usiku kucha kama alitie au asilitie.

Waliangusha paa, wakakata nguzo, wakachoma makuti. Mzee Mbaraka aliung'oa mlango wa nyumba yake kabla moto haujaufikia, akajitwika kichwani, akatembea nao mpaka barabarani. Watu waliokutana naye hawakujua wamsalimie vipi.

Kesho yake alikuja nyumbani kwa Mfaume, akamwita Kidawa nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Chukua na karatasi. Niandikie talaka ya mama yako Mwamvita. Wewe ndiye uliyemfundisha kuandika, basi maliza kazi."

Kidawa alipiga magoti pale pale mchangani. "Baba, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyempa mtu zile karatasi. Bi Mwamvita hakumwambia kiongozi yeyote."

"Wewe ulimpa mtu karatasi. Na yeye siri ya nyumba yangu alimpa nani?"

"Ulikuwa mchezo tu, baba."

"Mchezo." Mzee Mbaraka alilirudia neno lile kana kwamba analisikia mara ya kwanza. "Miaka thelathini na moja nimelala na mwanamke huyu, nikidhani nikiongea naye naongea na nafsi yangu. Kanga moja, Kidawa. Amenibadilisha kwa kanga moja."

"Siandiki," Kidawa akasema huku analia. "Nisamehe, siwezi."

"Usiandike. Mdomo ninao."

Alikwenda msikitini, akawaita watu wawili, akaitamka. Jioni ile Bi Mwamvita alihamia kwa Biasha na kapu moja la nguo. Kidawa alimfuata huko. Alimkuta amekaa ukutani, mikono mapajani, bila ukindu, bila kitu.

"Bi Mwamvita, wallahi nilidhani ni mwandiko tu wanautaka."

Yule mama hakumtazama. "Nikuulize jambo moja. Ile K uliiandika ya nini?"

"Nilikuwa nahesabu alama."

"Maana walipokuja, nilisema nilidanganya. Nilisema ulikuwa mchezo, na kwenye mchezo watu huongopa. Mume wangu angeniamini, alitaka sana kuniamini. Akaniuliza, kweli ulidanganya? Yule kiongozi wa mgambo akamwonyesha ile karatasi ya taipu, K imepigwa pembeni mwa sentensi yangu. Akamwambia, mwalimu wake amethibitisha." Akalivuta kapu lake la nguo karibu. "Ulinifungia mlango, mwanangu. Ondoka sasa."

Kidawa alipanda gari lililobeba mbata za nazi kwenda Kilindoni siku iliyofuata. Aliulizia nyumba ya mratibu, akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, miwani usoni, gazeti mkononi.

"Karibu, binti. Marijani bado yuko ofisini. Mimi mama yake, nimekuja kumtembelea kutoka Kilwa."

Kidawa alisimama kizingitini. Alilitazama lile gazeti. "Shikamoo, mama," akasema mwisho. "Kumbe unasoma."

"Marahaba. Nasoma sana! Huyo Marijani herufi zote nilimfundisha mimi, kabla hajaona mlango wa shule." Akacheka kwa fahari, akamvutia kiti, akamletea maji ya kunywa.

Kidawa aliyashika maji asiyanywe. Marijani alipoingia na kumwona, alijua. Alimwambia mama yake wanatoka kidogo, wakasimama nje karibu na ua.

"Mama yako hajambo," Kidawa akasema.

"Kidawa, ule ulikuwa mchezo. Uongo unaruhusiwa, ni kanuni yako mwenyewe."

"Kabla ya kura. Baada ya kura mtu anasema kweli. Kina mama walilia kwa ajili yako."

Marijani alitazama chini. "Nilitaka waniamini. Mtu mgeni, na kofia, nani angecheza mbele yangu?"

"Na karatasi?"

"Kamati iliuliza kwa nini shamba la kijiji la Mnyangani halitoi mpunga. Kila mtu mezani alikuwa kimya. Mimi nilikuwa na jibu mkononi. Ungefanya nini?"

"Ningekaa kimya."

"Wewe huna mkubwa juu yako."

"Uliniambia mwandiko tu, Marijani. Ungeniambia ukweli ningekunyima."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayeeleza hesabu. Kisha, na hili ndilo lililomuumiza Kidawa kwa miaka mingi, akatabasamu kidogo akasema, "Lakini jina lako nimeliandika kwenye ripoti. Wanataka mchezo wako ufundishwe wilaya nzima."

"Nirudishie karatasi zangu."

"Zimo kwenye faili. Haziwezi kutoka."

Darasa lilikufa. Kidawa alikwenda bandani siku zake tatu, akakaa peke yake na ubao, mpaka mvua za vuli zilipoanza. Hakuna aliyemtukana. Waliitikia salamu zake, na wakapita. Mashavu, aliyekuwa akiazima chumvi kwake kila siku, alianza kuazima nyumba ya tatu.

Mwezi wa nane wa mwaka 1975 ulikuja mtihani wa taifa wa watu wazima. Kila aliyeandikishwa lazima afanye. Marijani alikuja na msimamizi kutoka bara, mzee mmoja mpole mwenye mkoba. Marijani alikuwa amelisifia darasa la Mnyangani njia nzima. Mtu angeweza kuiona sifa ile usoni mwake aliposhuka. Kina mama wote kumi na wanne walikuja. Walikaa kwa safu, wametulia, wamevaa vizuri. Kidawa alisimama nyuma.

Walipewa karatasi. Sehemu ya kwanza kusoma, ya pili kuandika sentensi tatu kuhusu nyumbani kwako.

Bi Mwamvita alichukua penseli akaishika kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko. Akaigeuza, akaichungulia ncha, akaiweka chini. Biasha hakuigusa kabisa. Mashavu aliipindua karatasi juu chini, akaitazama kwa makini. Muda ulikwenda. Nje mbuzi walilia. Hakuna hata penseli moja iliyokwaruza.

"Andikeni, kina mama," Marijani akasema. "Msiogope. Si mnajua?"

Biasha akajitanda kanga yake upya.

Msimamizi alikusanya karatasi, zote nyeupe. Alipoomba watie sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, Bi Mwamvita aliuliza, "Wino wa dole gumba mmekuja nao, baba?" Na mmoja baada ya mwingine, wanawake kumi na wanne waliojua kuandika majina yao na ya baba zao na ya babu zao, waliweka dole gumba.

Marijani alimjia Kidawa, uso umemsawijika. "Waambie. Wewe watakusikiliza. Kidawa, nitaonekana mwongo."

Msimamizi naye akageuka. "Wewe ndiye mwalimu? Niambie kwa dhati, binti yangu. Hawa wanajua kusoma au hawajui?"

Kidawa aliwatazama kina mama. Hakuna aliyegeuka kumtazama, ila alimwona Bi Mwamvita ameacha kufuta wino kidoleni, anasikiliza.

"Hawajui," Kidawa akasema. "Nilishindwa kuwafundisha."

Msimamizi aliandika. Iliandikwa kwamba katika darasa la Mnyangani hakufaulu hata mtu mmoja na kwamba mwalimu wake hakufaa, na Kidawa akanyang'anywa ubao na redio mwezi uleule. Marijani hakupata madhara makubwa. Alihamishiwa kwingine, na mwaka uliofuata watu walisikia amepanda cheo. Kipandeni watu walianza kurudi kimyakimya baada ya miaka mitatu minne, amri ilipolegea. Mzee Mbaraka alijenga upya, akaoa mke mwingine kutoka Ndagoni.

Kidawa aliolewa Kanga, akazaa watoto wanne. Hakufundisha tena. Mara moja, baada ya miaka kama kumi, alikuwa kwenye foleni ya zahanati, akamwona Bi Mwamvita amekaa benchi la mbele, amezeeka. Nesi alimpa chupa ya dawa. Bi Mwamvita aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na midomo yake ikawa inacheza taratibu: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Alisoma mpaka mwisho, akasoma na jina la kiwanda.

Kidawa akasogea. "Shikamoo, Bi Mwamvita."

Yule mama aliinua macho, akamtambua. "Marahaba," akasema. Kisha akaiteremsha chupa mapajani, akamgeukia nesi, na kwa sauti ambayo Kidawa angeisikia vizuri akauliza, "Mwanangu, hapa wameandika nini? Mimi sijui kusoma."